Chembe tano na sentensi moja iliyorudishwa

Jopo la watahini halikuikataa kazi. Lilikataa sentensi moja kwenye ukurasa wa kwanza: "Tumeunda mfungamano wa kwanta wa chembe tano, kwa ufanani wa asilimia 86." Msahihishaji mmoja aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Ushahidi uko wapi?" Hayo tu. Ripoti ikarudi kwa mwenyewe, akapewa wiki chache airekebishe.

Mwenyewe ni mwanafunzi wa fizikia, mwaka wa mwisho, katika chuo kimoja cha Kampala. Ametokea Arua, nami nimekulia Busia, miji ya mpakani ambako Kiswahili husemwa, kwa hiyo mazungumzo yetu yote yalikuwa kwa Kiswahili ingawa ripoti imeandikwa kwa Kiingereza. Sikuwa kwenye jopo. Aliniletea karatasi zake kwa sababu nafundisha somo hilo kwingine. Nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha, na namba nimezikata ziwe fupi ili msomaji aweze kuzikokotoa mwenyewe. Alikubali niandike.

"Mwalimu, namba si hizi hapa?" alisema. "Wanataka ushahidi gani mwingine?"

Swali lake ni zuri kuliko linavyosikika. Mfungamano ni chembe kushiriki hali moja kiasi kwamba huwezi kuieleza yoyote peke yake, na ufanani ni kipimo cha jinsi hali uliyoipata inavyokaribia uliyoilenga. Kwenye utafiti wa mfungamano wa chembe nyingi, kuunda na kuthibitisha ni kazi mbili tofauti, na ya pili mara nyingi ndiyo ngumu zaidi. Waliofanya kazi ya kwanza tu wakatangaza zote mbili wako wengi, na si wanafunzi peke yao.

Alichokijenga

Hakuwa na maabara ya leza wala ya baridi kali. Alikuwa na kompyuta-pakato, bando ya intaneti, na akaunti ya bure kwenye kompyuta ya kwanta iliyo ng'ambo. Chembe zake zilikuwa kyubiti, yaani saketi ndogo za metali inayopitisha umeme bila ukinzani, zilizopozwa hadi takriban sehemu moja ya mia ya nyuzi juu ya sifuri halisi. Unatuma programu, unapanga foleni pamoja na watu wa dunia nzima, kisha linarudi jedwali la 0 na 1.

Hali aliyoilenga inaitwa GHZ, kwa majina ya Daniel Greenberger, Michael Horne na Anton Zeilinger, walioieleza mwaka 1989. Kuitengeneza kwenye karatasi ni rahisi ajabu. Unaiweka kyubiti ya kwanza katika 0 na 1 kwa pamoja, halafu unatumia lango, yaani tendo moja la programu, linalogeuza kyubiti ya pili endapo tu ya kwanza ni 1, kisha la kugeuza ya tatu endapo ya pili ni 1, hadi ya tano. Mwishoni kundi zima liko 00000 na 11111 kwa wakati mmoja, wala hakuna kyubiti yenye hali yake binafsi. Toleo la fotoni tatu, yaani chembe za nuru, lilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1999 katika kundi la Zeilinger. Mwaka uliofuata, watafiti wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, kule Colorado wakafunga ioni nne, yaani atomu zenye chaji. Leo mwanafunzi anaweza kujaribu tano akiwa chumbani kwake hosteli, jambo ambalo bado linanishangaza.

Aliirudia programu mara 1,000. Jedwali lake lilikuwa hivi: 00000 ilijitokeza mara 410, 11111 mara 370, na mara 220 zilizobaki zilitawanyika kwenye michanganyiko mingine 30. Inayowezekana kwa jumla ni 32. Mengi ya hayo makosa yalikuwa ya kyubiti moja tu kupotoka, kama 01111 au 00010. Hata hiyo tofauti ya 410 na 370 ina maana yake. Kyubiti iliyo kwenye 1 ina tabia ya kuanguka yenyewe kwenda 0 kadiri muda unavyopita, na 11111 ina nafasi tano za kuanguka huku 00000 haina hata moja. Ukiona jedwali la GHZ ambalo pande zote mbili ziko sawa kabisa, lichunguze kwa makini.

Kwa hiyo mara 780 kati ya 1,000 zilikuwa kwenye safu mbili alizozitaka. Hiyo 86 ya kwenye ripoti ilitoka wapi? Ilitoka kwenye programu ya kusahihisha makosa ya usomaji, ambayo hukisia jedwali lingekuwaje kama vifaa vya kupimia visingekosea. Nitaigusa baadaye. Kwanza tuikubali namba ghafi, 0.78, na tuipe jina P.

Kwa nini P haitoshi

Chukua steji ya boda pale Wandegeya. Kila alfajiri mwenyekiti wa steji anarusha sarafu. Ikilala upande mmoja, anawatumia wanachama watano ujumbe wavae jaketi nyekundu. Ikilala upande wa pili, wavae za njano. Wewe unayepita hapo kila asubuhi utawakuta wote rangi moja, siku zote, bila kukosea, na hujui kesho itakuwa rangi gani. Ukiweka nyekundu kuwa 0 na njano kuwa 1, P ya steji ile ni 1 kamili. Imempita mwanafunzi wetu kwa mbali. Na hakuna chochote cha kwanta pale.

Nilipomwambia hivyo, alinijibu papo hapo: "Lakini Mwalimu, mimi sikurusha sarafu. Nilitumia malango ya kwanta."

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Programu inaeleza nia yako. Haisemi kilichotokea ndani ya mashine. Tuseme malango yote yalifanya kazi barabara, kundi likawa 00000 na 11111 kwa pamoja, kisha kabla ya kupima, chembe moja ya nje, hata mtetemo mdogo wa sumaku, ikawa imebeba habari kama kundi liko upande wa 0 au wa 1. Kuanzia sekunde hiyo kundi limekuwa sawasawa na steji: ama wote 0, ama wote 1, nusu kwa nusu, bila mfungamano. Na P haijatikisika hata chembe. Ugonjwa unaoziua hali za GHZ mara nyingi kuliko mwingine wowote ndio huohuo ambao P haiwezi kuuona.

Hatari hiyo huongezeka haraka kundi likikua. Mwaka 2011 kundi la Innsbruck, Austria, lilifunga ioni 14 katika hali ya GHZ, na lilipopima jinsi mshikamano, yaani ule uwepo wa pande zote mbili kwa pamoja, unavyofifia likakuta kasi ya kufifia inapanda kwa mraba wa idadi ya ioni, maana kelele iliyozipata zote kwa pamoja ilikuwa ya chanzo kimoja. Ioni mara mbili, kufifia mara nne. Ufanani wao kwa ioni 14 uliivuka nusu kwa upenyo mwembamba sana.

Kwa nini nusu? Ufanani, F, wa hali uliyonayo na GHZ kamili ni wastani wa vitu viwili: F = (P + C) ÷ 2. C ni mshikamano kati ya 00000 na 11111, ule ambao steji ya boda haina. Steji ina P ya 1 na C ya 0, hivyo F yake ni 0.5. Kyubiti tano zilizoachwa zote kwenye 0, bila kuguswa na lango lolote, nazo zina P ya 1 na C ya 0: F ni 0.5. Kwa maneno mengine, 0.5 ndiyo alama ya mtu ambaye hajafanya lolote. Kwa mwanafunzi aliyezoea kwamba 50 ni pasi, hili humgonga.

Msahihishaji wa pili alikuwa na swali kali zaidi, ambalo mwanafunzi hakulielewa siku ile. "Labda zimefungamana mbili huku na tatu kule," alisema, "utajuaje?" Jibu linapendeza. Chukua kyubiti mbili zilizofungamana kikamilifu, uziweke kando ya tatu zilizofungamana kikamilifu, bila uhusiano wowote kati ya makundi hayo. Kila kundi lina nafasi sawa ya kuwa 0 au 1, kwa hiyo nusu ya mara makundi yatagongana na nusu yataafikiana: P ni 0.5. C nayo inatoka 0.5. F ni 0.5 tena. Kokotoa kwa mgawanyo wowote, nne na moja, mbili na mbili na moja, au mchanganyiko wa migawanyo hiyo yote, huwezi kuivuka nusu. F ikizidi 0.5 basi hakuna namna ya kuzigawa hizo tano katika makundi yasiyohusiana ukayaeleza matokeo; zote zimo. Kipimo cha aina hii wanafizikia hukiita shahidi. Wazo hilo lilipata msingi wake wa kihesabu mwaka 1996 kwa Michał, Paweł na Ryszard Horodecki, baba na wanawe wawili wa Gdańsk, Poland: kila hali yenye mfungamano ina walau shahidi mmoja anayeweza kuifichua.

Sharti lote linakuwa jepesi hivi: P + C lazima izidi 1. Yeye ana P ya 0.78. Anahitaji C inayozidi 0.22. Na ndicho kitu pekee ambacho ripoti haikuwa nacho.

Kiambatisho cha mwisho

Au ndivyo nilivyodhani mpaka nilipofika kiambatisho cha mwisho. Kipimo cha pili kilikuwemo, kimejificha baada ya orodha ya programu, bila maelezo.

GHZ ya kyubiti tano ina tabia hii: ukizigeuza kyubiti zote kwa robo duara kabla ya kupima, ukawa unazipima kwa mwelekeo wa pili, majibu ya kila moja yanakuwa ya kubahatisha kabisa, lakini idadi ya 1 katika kundi ni shufwa daima. Sifuri, mbili au nne; kamwe si moja, tatu wala tano. Steji ya boda ikipimwa hivyo inatoa shufwa na witiri nusu kwa nusu. Tofauti ya shufwa na witiri, ukigawa kwa jumla, inakupa makadirio ya C.

Jedwali lake la kiambatisho: shufwa 590, witiri 410. Tofauti ni 180 kwa 1,000, yaani 0.18. Jumlisha na 0.78, unapata 0.96. F ni 0.48, ikiwa na kosa la kiasi cha 0.02 juu au chini. Haijafika.

"Ndiyo maana niliiweka nyuma," alisema, kwa sauti ya chini. "Nilidhani nimeharibu kipimo."

Sioni udanganyifu hapo. Naona mtu aliyefundishwa kuamini kipimo kizuri na kukitilia shaka kibaya, wakati fizikia ya jambo hili inataka kinyume. Lakini pia nilikuwa na sababu mbili za kutoiamini 0.18 kama mwisho wa habari.

Ya kwanza ni tarehe. P ilipimwa Jumatatu. Bando ikaisha, umeme hosteli ukakatika siku iliyofuata, na kipimo cha shufwa na witiri kikafanyika Alhamisi. Mashine hizi hurekebishwa mara kwa mara, mara nyingi kila siku: masafa ya kila kyubiti hupimwa upya, nguvu ya malango hubadilishwa. P ya Jumatatu na C ya Alhamisi ni vipimo vya hali mbili tofauti zilizotengenezwa na programu moja. Kuzijumlisha ni kama kufunga hesabu ya duka kwa mauzo ya siku moja na matumizi ya nyingine.

Ya pili ni kubwa zaidi. Robo duara ina mwelekeo. Alizigeuza kyubiti zake kuelekea upande mmoja tu uliochaguliwa na programu, pembe ya sifuri. Lakini kyubiti inapokaa ikisubiri zamu yake, fezi yake, yaani pembe kati ya upande wake wa 0 na wa 1, huzunguka polepole ikiwa masafa hayalingani sawasawa, au ikiwa jirani yake anaivuta. Kuzunguka huko hakuharibu mfungamano. Unaweza kukurudisha kwa kugeuza kila kyubiti peke yake, na mgeuko wa kyubiti moja moja hauundi wala hauui mfungamano. Kinachoua ni fezi kutawanyika ovyo, kila mara upande wake. Kwa mtu anayepima pembe moja tu, hali iliyozunguka na hali iliyofifia zinaonekana sawa. Zote mbili hutoa namba ndogo.

Wimbi la mara tano

Dawa yake ni kupima pembe nyingi. Tulikubaliana pembe 15, kuanzia sifuri kila baada ya nyuzi 12 hadi 168, na jedwali moja la P, yote katika kifurushi kimoja ili mashine iyafanye mfululizo. Majedwali 16, kila moja marudio 1,000. Kwenye mashine hiyo ni kazi ya sekunde chache. Foleni ndiyo iliyokula usiku.

Kuna faida nyingine ya kuzungusha. Thamani ya shufwa ukiondoa witiri hupanda na kushuka kama wimbi kadiri pembe inavyobadilika, na kwa kyubiti tano zilizo katika GHZ, wimbi hilo hupiga mara tano katika mzunguko mmoja mzima. Mapigo hayo ya mara tano hutoka mahali pamoja tu: mshikamano kati ya 00000 na 11111. Kyubiti tano zisizohusiana zinaweza kutoa punje yake, lakini kilele chake hakiwezi kupita 1/16, yaani 0.0625. Kwa hiyo umbo la grafu lenyewe linazungumza, hata kabla hujashika kikokotoo.

Alinitumia picha ya grafu hiyo saa nane usiku, bila salamu, na kwa tabia yake ya adabu hilo peke yake lilinieleza habari. Katika nusu mzunguko kulikuwa na mawimbi mawili na nusu, yanaonekana kwa macho. Kilele hakikuwa kwenye sifuri, kilisogea pembeni. Kwenye pembe sifuri namba ilikuwa 0.19, karibu sawa na ya Alhamisi. Lakini urefu wa wimbi ulikuwa 0.41.

Ukikokotoa, kundi zima lilikuwa limezunguka kiasi cha nyuzi 62, sawa na nyuzi 12 na kitu kwa kila kyubiti. Ndio upotofu mdogo uliokuwa umemfichia zaidi ya nusu ya mshikamano wake. P ya usiku ule ilikuwa 0.77. Jumla 1.18. F ni 0.59, kosa 0.01. Imevuka nusu kwa umbali ambao hakuna wa kubisha.

Naomba nikae hapa kidogo. Watu wengi wangeona matokeo haya kama hadithi ya namba kupanda kutoka 0.48 hadi 0.59. Sivyo. Kwa ukubwa wake 0.59 ni ndogo kuliko ile 0.86 aliyoanza nayo, na ni yenye thamani maradufu, kwa kuwa 0.86 haikuwa F ya kitu chochote. Ilikuwa P, tena iliyosahihishwa.

Ghafi au iliyosahihishwa

Turudi kwenye usahihishaji huo. Kusoma kyubiti ni sehemu dhaifu ya mashine hizi. Mara kadhaa katika mia, 1 husomwa 0. Unaweza kupima ukubwa wa kosa hilo, kisha ukaliondoa kwa hesabu. Alipofanya hivyo kwenye data ya usiku ule, P ikawa 0.86 tena, C ikawa 0.52, F ikawa 0.69. Akataka kuandika 0.69. Nilimshauri aandike 0.59 kwenye muhtasari na 0.69 ndani, pamoja na maelezo.

Sababu yangu si unyenyekevu. Usahihishaji umebeba dhana: kwamba makosa ya kusoma hayahusiani kati ya kyubiti na kyubiti, kwamba hayakubadilika tangu yalipopimwa. Dhana ikiwa na kasoro, hesabu inaweza kukupa mshikamano ambao haupo, na kuna nyakati hutoa hata uwezekano hasi. Ikiwa namba ghafi imeshavuka kizingiti yenyewe, hoja yako haitegemei dhana yoyote kati ya hizo. Ungekuwa na ghafi 0.47 na iliyosahihishwa 0.55, hapo pangekuwa na mjadala mrefu, na mimi ningekuwa upande wa jopo.

Maswali mawili ya jopo yaliyobaki

Jopo lilikuwa limemuuliza pia kwa nini hakufanya upimaji kamili wa hali yote. Hilo ni swali la mtu asiyelipia muda wa mashine. Upimaji kamili unataka kila kyubiti ipimwe kwa mielekeo mitatu, katika michanganyiko yote: 3 kwa kipeo cha 5 ni 243. Watafiti wa Innsbruck walifanya hivyo mwaka 2005 kwa ioni nane: michanganyiko 6,561, kila mmoja mara 100, jumla vipimo 656,100, kwa takriban saa kumi za mashine. Hali yao haikuwa GHZ, ilikuwa ile iitwayo W, ambamo 1 moja tu imegawanywa kwa kundi zima bila kujulikana iko kwa nani. Mwaka 2000 Wolfgang Dür, Guifré Vidal na Ignacio Cirac walikuwa wameonyesha kwamba hata kwa chembe tatu tu, GHZ na W ni koo mbili ambazo hazibadilishani. Poteza chembe moja ya GHZ, zinazobaki hazina mfungamano wowote. Poteza moja ya W, zinazobaki bado zimeshikana.

W inavutia kwa uimara wake, lakini kizingiti chake rahisi ni kikali: kwa chembe tano F lazima izidi 4/5, kwa nane 7/8. Watu wa Innsbruck walikuwa na F ya karibu 0.72 kwa nane, chini ya kizingiti, wakalazimika kutengeneza mashahidi walionolewa zaidi, na data ya upimaji kamili ndiyo iliyowawezesha. Mwanafunzi mwenye dakika chache za bure kwa mwezi hana anasa hiyo. Kwa bajeti yake GHZ ilikuwa chaguo sahihi, si kwa kuwa ni imara bali kwa kuwa inathibitishika kwa majedwali machache.

Swali la pili lilikuwa la kejeli kidogo: mbona wengine wanatangaza atomu 3,000 na wewe unahangaika na tano? Ni kweli, mwaka 2015 kundi la Vladan Vuletić wa MIT pamoja na wenzao wa Belgrade lilifunga karibu atomu 3,000 za rubidi kwa fotoni moja tu, na likaonyesha kwamba mfungamano ulihusisha zaidi ya asilimia 90 ya atomu hizo. Lakini huko hakuna anayeigusa atomu moja moja. Unapima mwelekeo wa jumla wa wingu zima, na kutokana na namna jumla hiyo inavyotawanyika unakokotoa kina: lazima walau chembe ngapi ziwe zimefungamana ili utawanyiko wa namna hii utokee. Kila atomu inachangia kidogo sana. Kulinganisha 3,000 hizo na tano hizi kwa idadi peke yake hakumsaidii mtu. Nilimwambia aliandike hilo kwa aya moja tu, bila hasira.

Kuhusu saba

Sentensi mpya ilisomeka hivi: "Katika kifurushi kimoja cha vipimo, kwa data ghafi, kyubiti tano zilifikia ufanani wa 0.59 ± 0.01 na hali ya GHZ, juu ya kizingiti cha 0.5, hivyo mfungamano unazihusisha zote tano." Ndefu, haina mvuto, na jopo liliipitisha bila neno.

Alikuwa amejaribu pia saba. P ilikuwa 0.61, C 0.29. Jumla 0.90. Akataka kuandika kwamba kyubiti saba hazikufungamana, na hapo nilimzuia kwa nguvu kuliko nilivyomzuia kwenye 0.86. Shahidi akikaa kimya hajamwachilia mtu. F chini ya nusu ina maana kipimo hiki hakikuona. Huenda shahidi mwingine angeona, huenda sita kati ya saba zimeshikana, huenda hakuna. Kuamua kwa ujumla kama hali fulani ina mfungamano au haina ni tatizo gumu kihesabu kwa maana rasmi kabisa, kama Leonid Gurvits alivyothibitisha mwaka 2003, na hakuna kompyuta ya chuo itakayolimaliza kwa kundi kubwa.

Kwenye saba kuna kitu cha kurekebisha kabla ya kulaumu fizikia. Programu yake inaunganisha kwa mnyororo, ya kwanza hadi ya saba, hatua sita mfululizo, na kyubiti ya kwanza inakaa ikisubiri muda wote huo. Akianzia ya katikati na kutoka nje pande zote mbili kwa wakati mmoja, hatua zinakuwa nne. Akiongeza migeuko miwili kwa kyubiti inayosubiri, ule mzunguko wa fezi unajifuta wenyewe kwa sehemu kubwa. Anahitaji kupata jumla ya 0.10 zaidi kutoka kwenye mabadiliko hayo mawili. Muda wake wa bure unafunguka tena mwezi ujao, na safari hii programu ya pembe zote imeshaandikwa.